ASILI YA DHAMBI KATIKA FASIHI YA KALE YA KIYAHUDI NA MAPOKEZI YAKE NYANZA KUSINI

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Uriri, lililo kando ya barabara kuu itokayo Rongo kuelekea Migori, kifo cha mtu ambaye hajazeeka aghalabu hufasiriwa kwa lugha mbili. Lugha ya kwanza ni ya kanisa. Hii husema juu ya dhambi, ambayo kwa Dholuo huitwa richo, na mara nyingi humrejesha msikilizaji kwa Adamu na Hawa. Lugha ya pili ni ya ukoo. Hii husema juu ya chira, yaani maradhi ya kukonda na kudhoofika yanayomfuata mtu aliyevunja kwer, au mwiko, hata kama aliuvunja bila kujua, na ambayo yaweza kuwafikia watoto wake. Si lazima wasemaji wawe wawili. Jirani wa Kanyamkago aliyeimba wimbo wa kanisa kaburini asubuhi anaweza kuuliza jioni ni mwiko gani uliovunjwa katika boma lile.

Kwa muda mrefu hali hii imeelezwa kama mgongano wa mafundisho ya Biblia na mila za Wajaluo. Makala haya yanadai kuwa maelezo hayo yana upungufu wa msingi, kwa sababu yanachukulia kwamba Biblia, pamoja na fasihi ya Kiyahudi iliyoizunguka, ina jibu moja kuhusu chimbuko la dhambi. Fasihi hiyo ina majibu kadhaa, na majibu hayo yanabishana. Jibu lililofika Nyanza Kusini na wamisionari lilikuwa moja kati ya hayo, tena likiwa limekwisha kupita katika mikono mingi. Tutayapitia majibu makuu kwa mfuatano wa kihistoria, tuone yalivyofika Afrika Mashariki, kisha tuyalinganishe na fikra ya chira. Swali litakalotuongoza ni hili: kila jibu linamtwika nani mzigo wa lawama?

2.0 Bustani isiyo na neno "dhambi"

Sura ya tatu ya Kitabu cha Mwanzo ndiyo inayotajwa kwanza kila mara chimbuko la dhambi linapojadiliwa. Hata hivyo, katika sura hiyo ya Kiebrania hakuna neno lolote lenye maana ya dhambi. Kuna amri, nyoka, tunda, uchi, hofu na laana ya ardhi. Neno hatat, ambalo ndilo la kawaida kwa dhambi, linajitokeza kwa mara ya kwanza katika sura ya nne, Kaini anapomkasirikia ndugu yake, na hapo dhambi inachorwa kama mnyama anayevizia mlangoni. Kwa maneno mengine, msimulizi wa Mwanzo analitumia neno hilo panapotokea chuki kati ya ndugu, si pale tunda linapoliwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni ukimya wa vitabu vinavyofuata. Manabii wa Israeli walikemea dhambi kwa ukali usio kifani, lakini hawakuieleza kwa kumrejelea Adamu. Walichobishania ni urithi wa adhabu. Kutoka 20 inasema kwamba uovu wa baba huwafuata watoto hadi kizazi cha tatu na cha nne. Katika karne ya 6 K.K., wakati wa uhamisho wa Babeli, Ezekieli aliipinga fikra hiyo waziwazi. Katika sura ya 18 anaikataa methali ya baba waliokula zabibu mbichi na watoto waliotiwa ganzi ya meno, na kushikilia kuwa kila mtu hufa kwa kosa lake mwenyewe. Msomaji wa Uriri hahitaji kuelezwa uzito wa ubishi huu, maana huulizwa juu ya kila mtoto anayesemekana kuugua chira ya mzazi wake.

Aidha, neno hatat lina maana nyingine ambayo tafsiri nyingi huificha. Katika Kitabu cha Walawi neno hilohilo hutaja sadaka ya kutakasa. Tena sadaka hiyo hutolewa na mtu aliyekosa bila kukusudia, na hata na mwanamke aliyejifungua, ambaye hakuna anayeweza kusema kuwa ametenda uovu. Hapa dhambi iko karibu na unajisi: ni hali inayotokana na kuvukwa kwa mpaka, na hurekebishwa kwa tendo la kimila. Tutairudia hoja hii.

3.0 Malaika waliokula kiapo

Jibu la kale zaidi lililosimuliwa kwa upana nje ya Biblia ya Kiebrania limo katika Kitabu cha Walinzi, sehemu ya kwanza ya Kitabu cha Henoko, iliyotungwa takriban karne ya 3 K.K. Kinachoendelezwa humo si kisa cha bustani bali aya chache za Mwanzo 6 kuhusu wana wa Mungu waliowatamani binti za wanadamu. Malaika 200, wakiongozwa na Shemihaza, wanashuka juu ya Mlima Hermoni na kufungana kwa kiapo ili asiwepo wa kurudi nyuma. Wanatwaa wake na kuzaa majitu yanayokula mazao ya watu, kisha yanawala watu wenyewe. Malaika mwingine, Asaeli, anawafundisha wanadamu kufua panga na ngao, kutengeneza mapambo na kupaka wanja machoni. Wengine wanafundisha uganga, unajimu na ukataji wa mizizi. Majitu yanapouawa, roho zao zinabaki duniani na kuwa pepo wabaya.

Katika masimulizi haya dhambi haianzii kwa mwanadamu. Inashuka kutoka juu, ikiletwa na wenye nguvu waliovunja mpaka kati ya mbingu na ardhi, na mwanadamu ni mdhulumiwa kabla ya kuwa mshiriki. Nickelsburg (1977) aliyahusisha majitu hayo na vita vya majemadari waliogombea milki ya Aleksanda baada ya kifo chake mwaka 323 K.K. Suter (1979) aliona humo shutuma dhidi ya makuhani waliooa kinyume cha sheria ya usafi. Fasiri zote mbili zinaafikiana kwamba hadithi ya malaika ni njia ya kusema juu ya watu waliokuwa na uwezo na wakautumia vibaya.

Kitabu cha Yubile, cha karne ya 2 K.K., kinakichukua kisa hiki na kukigeuza. Malaika hawakushuka kwa tamaa, bali walitumwa kuwafundisha watu uadilifu, na uharibifu ukaja baadaye. Baada ya gharika pepo wanawasumbua wajukuu wa Nuhu. Nuhu anaomba wafungwe, lakini mkuu wao, Mastema, anaomba aachiwe baadhi, naye anaachiwa sehemu moja ya kumi. Ndipo malaika wema wanapoamriwa kumfundisha Nuhu tiba ya maradhi kwa mitishamba, naye anaiandika kitabuni. Badiliko hili ni kubwa. Elimu ya mizizi, ambayo katika Henoko ilikuwa sehemu ya uasi, katika Yubile ni rehema. Hivyo basi, hata katika fasihi hii ya kale swali la kama dawa ya mizizi ni dhambi au ni kinga lilikuwa na majibu mawili.

Hata ndani ya Henoko lenyewe kuna anayepinga. Katika sehemu iitwayo Waraka wa Henoko, sura ya 98, mwandishi anakana kwamba dhambi ilitumwa duniani na kusema kuwa wanadamu waliiumba wenyewe. Kauli hiyo inaonekana kumrudishia mtu heshima ya uhuru wake. Lakini hapohapo mwandishi anaongeza kuwa utasa wa mwanamke nao unatokana na matendo ya mikono yake mwenyewe. Fundisho lililokusudiwa kuwafunga matajiri wasio na haki linamwangukia mwanamke asiye na mtoto.

4.0 Mwanamke, moyo na Adamu

Yoshua bin Sira, aliyeandika Yerusalemu yapata mwaka 180 K.K., ana aya moja (25:24) inayodai kuwa dhambi ilianzia kwa mwanamke na kwamba kwa ajili yake wote hufa. Wasomaji wengi wameichukua kuwa tamko la kwanza la kumlaumu Hawa. Levison (1985), akizingatia muktadha wa aya hiyo, alijenga hoja kwamba mwandishi anamzungumzia mke mbaya wa mume fulani, wala si mama wa wanadamu. Hata wasioikubali hoja yake hawana budi kukiri kwamba Bin Sira, katika sura ya 15, anasema Mungu alimwacha mtu mikononi mwa mwelekeo wa moyo wake, achague moto au maji, na kwamba katika sura ya 41 anakiona kifo kuwa agizo la kawaida kwa kila chenye mwili. Aya moja ya hasira imepata sauti kubwa kuliko sura mbili za tafakuri.

Fikra ya mwelekeo wa moyo, yaani yetser, ina mizizi katika Mwanzo 6:5 na 8:21, nayo ilikuzwa na marabi katika karne za kwanza B.K. Kwao kila mtu ana mwelekeo mwema na mwelekeo mbaya. Hata huo mbaya si adui mtupu: wafasiri wa Mwanzo walisema kuwa bila huo hakuna ambaye angejenga nyumba, kuoa, kuzaa wala kufanya biashara. Jumuiya ya Qumran nayo ilifundisha kuwa Mungu aliweka roho mbili, ya kweli na ya upotovu, na kwamba kila mtu ana fungu lake katika hizo.

Adamu aliingia katikati ya mjadala kwa nguvu baada ya msiba. Mwaka 70 B.K. majeshi ya Roma yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Vitabu viwili vilivyoandikwa katika miongo iliyofuata vinauliza kwa nini. Katika Ezra wa Nne, mhusika mkuu anamlilia Adamu kwamba anguko lake halikuwa lake peke yake bali la wote waliotoka kwake, na analalamika kuwa Mungu hakuuondoa moyo mbaya alipotoa sheria. Baruku wa Pili anakubali kuwa Adamu alileta kifo cha mapema, lakini katika sura ya 54 anakanusha urithi wa hatia: kila mmoja ni Adamu wa nafsi yake. Yumkini watunzi hawa wawili waliishi katika kizazi kimoja na kuomboleza magofu yaleyale, lakini hawakukubaliana.

Mtume Paulo, aliyeandika Waraka kwa Warumi kabla ya msiba huo, alimlinganisha Adamu na Kristo. Katika Warumi 5:12 Kiyunani chake husomeka vyema kama sentensi ya sababu: kifo kiliwafikia wote kwa kuwa wote walitenda dhambi. Tafsiri ya Kilatini iliyosomwa na Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, iliruhusu kusoma kwamba wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Ni katika usomaji huo ndipo fundisho la dhambi ya asili lilipokomaa katika Kanisa la Magharibi. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 inafuata maana ya sababu. Lakini mahubiri hayafuati tafsiri siku zote.

5.0 Krapf na njia mbili za maandishi

Vitabu vya Henoko na Yubile viliachwa na marabi na vikasahauliwa na makanisa mengi. Vilihifadhiwa kikamilifu mahali pamoja tu, nchini Ethiopia, kwa lugha ya Kige'ez, ambako Kanisa la Kiorthodoksi limevihesabu miongoni mwa Maandiko Matakatifu. James Bruce alifikisha nakala za Henoko Ulaya mwaka 1773, na Richard Laurence akachapisha tafsiri ya Kiingereza mwaka 1821. Vipande vya Kiaramu vya Henoko na vya Kiebrania vya Yubile vilivyogunduliwa Qumran katikati ya karne ya 20 vilithibitisha kwamba maandishi ya Ethiopia yalitokana na vitabu vya kale vya Kiyahudi.

Katika historia hii limo jina ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanalifahamu kwa sababu nyingine. Ludwig Krapf, aliyefanya kazi Ethiopia kuanzia mwaka 1837 hadi 1842, alipeleka Tübingen nakala ya Kige'ez ya Yubile. Ewald aliitangaza kwa wanazuoni mwaka 1844, na kutokana nayo Dillmann alitoa tafsiri ya Kijerumani mwaka 1850 na 1851. Mwaka huohuo wa 1844 Krapf alikuwa Mombasa, ambako alimzika mkewe na mtoto wake mchanga, na ambako alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wanazuoni wa masuala ya Mashariki. Hivyo kupitia kwa mtu mmoja maandishi yalikwenda njia mbili. Kisa cha malaika na Mastema kilikwenda Ulaya kuwa mali ya wataalamu. Kisa cha bustani kikaingia katika Kiswahili na kuwa mlango wa Biblia kwa Afrika Mashariki.

Pwani, hata hivyo, kisa hicho hakikukuta uwanja mtupu. Waswahili walikwisha kuwa na masimulizi ya Kiislamu juu ya Adamu, ambamo Ibilisi anakataa kumsujudia, na ambamo Adamu anatubu na kusamehewa bila kuwaachia wanawe hatia. Kukataa huko kwa Ibilisi kuna kifani katika Maisha ya Adamu na Hawa, kitabu cha jadi ya Kiyahudi kilichohifadhiwa na Wakristo. Kadhalika, Haruti na Maruti wa Kurani, wanaohusishwa na mafunzo ya uchawi huko Babeli, wanawakumbusha wasomaji Walinzi wa Henoko. Neno lenyewe dhambi, litokalo katika Kiarabu, lilikuwa na historia hiyo ndani yake kabla ya mmisionari kulitumia.

6.0 Richo na chira

Waadventista Wasabato walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland. Katika Dholuo ya Biblia dhambi ikawa richo, jina lenye uhusiano na rach, yaani -baya. Neno hilo linataja ubaya kwa ujumla. Halina ndani yake picha ya mpaka uliovukwa wala ya utaratibu wa kuurekebisha. Picha hizo zilibaki katika kwer, chira na manyasi, yaani dawa ya mitishamba inayotumiwa kuondoa athari za mwiko uliovunjwa.

Hapa ndipo Walawi inapopaswa kurejelewa. Hatat ya kikuhani na chira zina sifa tatu za pamoja: zote mbili huweza kutokea bila kusudi, huwagusa wengine zaidi ya mtendaji, na zina tiba ya kimila. Tofauti yao si ndogo. Hatat huelekezwa kwa Mungu na patakatifu pake. Chira husimamia utaratibu wa boma, kama vile nani apande mbegu kwanza, nani ajenge kabla ya nani, na mjane afanyiwe nini. Okot p'Bitek (1970) alionya dhidi ya kuzitafsiri dini za Kiafrika kwa mizani ya kigeni ili zikubalike, na onyo hilo linafaa kuzingatiwa. Kusema chira inafanana na hatat si kusema Wajaluo walikuwa Waisraeli. Ni kusema kwamba fikra iliyoitwa ushirikina na baadhi ya wahubiri ina ndugu ndani ya kitabu walichokishika mkononi.

Wajaluo wenyewe hawakuzitenganisha lugha hizi kama ilivyodhaniwa. Paul Mboya, aliyekuwa mchungaji wa Kiadventista na baadaye chifu wa Karachuonyo, ndiye aliyeziandika mila za Wajaluo kwa Dholuo katika kitabu chake cha mwaka 1938, Luo Kitgi gi Timbegi. Kanisa la Legio Maria, lililoibuka mwaka 1963, lina mahali pake patakatifu katika Kaunti ya Migori, penye kaburi la Simeo Ondeto aliyefariki mwaka 1991. Mlima huo unaitwa Got Kwer, na jina hilo linabeba neno lilelile la mwiko.

7.0 Mwanamke mwenye jembe

Fasihi ya Kijaluo nayo ina kisa cha mwanzo wa taabu. Grace Ogot alikisimulia upya katika Miaha (1983), riwaya ya Dholuo iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989. Zamani jembe lililima lenyewe kwa ahadi ya Mungu, na watu walikatazwa kulima kwa mikono yao. Bibi arusi mgeni, Nyawir, analishika jembe na kulima. Tangu hapo chakula kinapatikana kwa jasho.

Ulinganifu na Mwanzo 3 ni dhahiri: katazo, mwanamke, jasho, ardhi. Lakini kuna tofauti tatu za kuzingatiwa. Nyawir hashawishiwi na nyoka wala malaika. Anachokitenda ni kazi, jambo ambalo jamii ya wakulima huliheshimu kuliko mengine yote. Isitoshe, kinachorithiwa baada yake ni taabu, si hatia. Hakuna anayezaliwa akiwa mkosaji kwa sababu Nyawir alilima. Katika hili Nyawir yuko karibu na Hawa wa Mwanzo kuliko Hawa wa mimbari. Hata hivyo, mgeni wa boma, mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, ndiye aliyechaguliwa na masimulizi kubeba lawama, na katika hilo visa vyote viwili vinakubaliana.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika baada ya Ukimwi kuthibitishwa nchini Kenya mwaka 1984. Kukonda kwa mgonjwa kulifanana na kukonda kwa chira, na wengi waliuita ugonjwa huo kwa jina hilo. Kwa makadirio ya Serikali ya mwaka 2014, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Kaunti ya Homa Bay alikuwa akiishi na virusi. Mjane alikabiliwa na lawama pande zote mbili. Akikataa kurithiwa, aliambiwa kuwa ataleta chira. Akikubali, mhubiri alimwambia kuwa ametenda dhambi. Lugha mbili zilizodhaniwa kuwa mahasimu zilikutana juu ya mwili mmoja.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa fasihi ya kale ya Kiyahudi haikuacha fundisho moja la chimbuko la dhambi. Imeacha mjadala ambamo wamo malaika wenye nguvu, mwelekeo wa moyo, roho mbili, Adamu, na kila mtu kama Adamu wa nafsi yake. Umeonyesha pia kuwa majibu hayo hayakuzaliwa katika utulivu. Majitu ya Henoko yanasomeka dhidi ya wakubwa wa zama zao. Kilio cha Ezra kilitoka katika majivu ya Hekalu. Watunzi walikuwa wakieleza maumivu yaliyokuwa mbele yao, na kila maelezo yalimwekea mtu fulani mzigo.

Kwa hivyo mhakiki wa fasihi ya Nyanza Kusini hana haja ya kuchagua kati ya Biblia na mila kana kwamba kila upande una sauti moja. Kazi yake ni kuuliza, mbele ya mahubiri, riwaya au maneno ya wazee kaburini, ni sauti ipi kati ya nyingi iliyopewa nafasi, na ni nani anayelipa gharama yake. Mjane wa Uriri anayeambiwa kuwa ndiye chanzo cha msiba wake ana haki ya kujua kwamba Ezekieli na Baruku wa Pili, kila mmoja katika magofu ya wakati wake, waliulizwa swali hilohilo na wakakataa kumtwika mtu mmoja kosa la wote.